Ganzi ya Miguu na Kesi ya Insulini

Mama mkubwa wangu anaishi Chamwino, mkoani Dodoma, na mwaka jana aliacha kuchoma insulini kwa wiki tatu bila kumwambia mtu. Tulishtuka pale alipoanza kuamka usiku mara tano kwenda chooni, na asubuhi kumaliza jagi zima la maji kabla hajagusa chai. Tukamfikisha zahanati. Mashine ya kupimia sukari haikutoa namba. Iliandika herufi mbili tu, zile zinazotokea sukari ikiwa juu kuliko uwezo wa mashine kusoma.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na kopo la unga wa kijani na kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Kipeperushi kilidai kwamba insulini ya hospitali inachoma seli, inazalisha "msongo wa oksidi", na kwamba kinachoweza kuuzima msongo huo ni unga uliomo koponi. Aliyekitafsiri alikutana na radikali huru za wanakemia (kwa Kiingereza free radicals, molekuli kali zinazodhuru jirani zake) akaziandika "wenye itikadi kali walio huru", kana kwamba ndani ya mishipa ya mama mkubwa limejificha kundi la waasi. Nilicheka. Kisha nikaona bei iliyobandikwa kwenye kitako cha kopo, shilingi 45,000, kicheko kikakauka.

Mama mkubwa si mtu wa kulaghaiwa kirahisi. Amefundisha hesabu shule ya msingi miaka 31, na sababu zake alinipa kwa mpangilio wa mwalimu. "Mwanangu, nilipokuwa nakunywa vidonge tu, miguu yangu ilikuwa mizima. Nimeanza sindano, mwaka haujaisha, ganzi. Dozi ikaongezwa, macho yakaingia ukungu. Wewe uliyesoma, niambie kilichobadilika ni nini?"

Swali hilo linahitaji jibu, si kemeo. Na kwenye kliniki zetu za kisukari, kwa niliyoyaona nikisindikiza wagonjwa, kemeo hutangulia: mama, umeacha dawa, unataka kufa? Mgonjwa anainamisha kichwa, anarudi nyumbani na swali lake lile lile, na muuza unga anamsubiri stendi akiwa na muda wote wa kumsikiliza.

Tuanze na kipeperushi, maana hakikutunga kila kitu. Msongo wa oksidi upo kweli. Maana yake ya kitaalamu iliwekwa mwaka 1985 na mwanabiokemia Mjerumani, Helmut Sies: ni hali ya radikali huru na ndugu zake kuzaliwa mwilini kwa wingi kuliko uwezo wa mwili kuzizima. Ndani ya seli kuna mitokondria, viwanda vyake vya nguvu, na ndani ya mitokondria elektroni zinazotoka kwenye sukari na mafuta hupokezwa kutoka protini moja hadi nyingine, kama watu waliopanga mstari kutoka kisimani mpaka kwenye pipa, ndoo ikienda mkono kwa mkono. Mwisho wa mstari elektroni hukabidhiwa oksijeni, maji yanatengenezwa, na nguvu imeshavunwa njiani. Hata siku ya kawaida matone machache humwagika: elektroni inaparamia oksijeni kabla ya zamu yake, inazaliwa superoksaidi. Mwili unayajua matone hayo. Una vimeng'enya vya kuyafuta, kama superoksaidi dismutasi na katalasi, na una akiba ya glutathioni.

Sukari ikifurika, ndoo zinakuja kwa kasi ambayo mikono haiwezi kupokea. Zinamwagika. Mwaka 2001, katika jarida la Nature, Michael Brownlee wa New York alionyesha jinsi umwagikaji huo unavyoweza kuwa chanzo kimoja cha njia nne za uharibifu wa kisukari ambazo kabla ya hapo zilichunguzwa kila moja kivyake. Alieleza pia kwa nini ni macho, figo na mishipa ya fahamu vinavyoumia kwanza. Seli nyingi za mwili, sukari ikizidi nje, hupunguza kiasi kinachoingia. Seli za kapilari (vishipa vyembamba vya damu) za retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, baadhi ya seli za figo na zile za mishipa ya fahamu hazina uwezo huo. Damu ikiwa na sukari 20 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita), nazo ndani zinafurika.

Sasa angalia jambo ambalo muuza unga hawezi kulisema. Seli hizo hazingoji insulini ndipo zipokee sukari; sukari inaingia hata insulini isipokuwepo kabisa. Mlango unaofunguliwa na insulini uko kwenye misuli na mafuta, na kazi yake nyingine kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari yake kwenye damu. Kwa hiyo sindano haisukumi sukari kwenye jicho la mama mkubwa. Inaipeleka kwenye misuli, sukari ya kwenye damu inapungua, na jicho linapata nafuu. Anayesema insulini "inashindilia sukari kwenye seli mpaka zinaungua" ametaja mlango sahihi akakosea nyumba.

Kuna na zaidi ya hapo. Mwaka 2001 huo huo, Paresh Dandona na wenzake wa Buffalo, Marekani, waliwatundikia dripu ya insulini watu wanene wasio na kisukari, pamoja na glukosi ili sukari yao isishuke. Katika saa chache, chembe zao nyeupe za damu zikawa zinatoa radikali kidogo kuliko mwanzo. Maana yake, insulini ilituliza moto hata pale ambapo haikushusha sukari. Kwa haki ya upande wa pili, niseme pia kwamba insulini inapogusa seli huzalisha haidrojeni peroksaidi kidogo, na labda hapo ndipo waandishi wa vipeperushi walipookota chembe yao ya ukweli. Lakini kiasi hicho ni sehemu ya ujumbe wenyewe, kama hodi mlangoni. Hodi haibomoi nyumba.

Nilipomweleza hayo, mama mkubwa alinitazama kwa macho ya mwalimu aliyepewa jibu la swali la pili wakati yeye ameuliza la kwanza. Ganzi je?

Hapa ndipo penye utamu wa kesi hii, na naomba tukae kidogo. Kwetu insulini huja mwisho. Kisukari cha aina ya pili huishi na mtu miaka kadhaa kabla hajakijua. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza ulioitwa UKPDS, uliochapisha matokeo yake makuu mwaka 1998, karibu nusu ya wagonjwa walikutwa na dalili za uharibifu wa viungo siku ile ile waliyogundulika. Ongeza miaka tisa ya vidonge, kama mama mkubwa, huku sukari ikipimwa mara moja kwa mwezi asubuhi akiwa hajala, na kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, hakijawahi kufanywa hata mara moja. Ganzi ilikuwa njiani siku nyingi. Sindano iliikuta kizingitini, majirani wakahesabu kwamba wameingia pamoja.

Ndiyo maana katika kila mtaa wa Dodoma, Chang'ombe au Nkuhungu, utasikia orodha hiyo hiyo: fulani aliwekwa kwenye insulini, akakatwa mguu, fulani aliwekwa, hakumaliza mwaka. Watu hawasemi uongo. Wanaona kweli walichokiona. Anayeanzishiwa sindano kwetu mara nyingi ni yule aliyekwisha chakaa, na hata nchi tajiri zilikumbana na kitendawili hicho: ukihesabu tu, wanaotumia insulini wanaonekana kufa zaidi. Njia ya kukitegua ni kura. Utafiti wa ORIGIN uliochapishwa mwaka 2012 uliwagawa kwa bahati watu 12,537 wenye kisukari au wanaokikaribia, nusu wakachoma insulini ya glagini, nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Baada ya miaka 6 hivi, insulini haikuongeza mshtuko wa moyo, haikuongeza kiharusi, wala saratani. Haikuvipunguza pia, tusiipake sukari.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu mama mkubwa, kwa sababu kuna mahali alipokuwa sahihi na hakuna aliyemwambia. Sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa, lenzi ya jicho hubadilika umbo kidogo na mtu huona ukungu kwa wiki kadhaa, kisha hupona. Ukungu huo ni wa sindano kweli, na hauna hatari. Upo mwingine wa kuogopwa zaidi: retina iliyokwisha kuumia inaweza kuzidi kuumia kwa muda sukari ikishushwa kwa kasi. Hata mishipa ya fahamu ina maumivu yake yanayofuata sukari inayoshuka haraka mno, na madaktari wameyaandika tangu miaka ya 1930. Mtu anayeanzishwa insulini angeambiwa haya mapema, kwa Kiswahili cha kawaida, dakika tano tu, muuza unga angekosa mteja. Sijawahi kusikia yakisemwa kwenye foleni yoyote niliyokaa.

Dawa ya hatari hiyo ni kushusha taratibu na kupima macho kabla, si kuacha. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, uliofungwa mwaka 1993, uliona baadhi ya macho yakizorota mwanzoni mwa matibabu makali. Miaka ilivyosonga mambo yakageuka: waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguziwa hatari ya kupata ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Gharama yake ilikuwa sukari kushuka vibaya mara tatu zaidi ya wenzao. Hiyo nayo si bei ndogo, hasa kwa mtu anayelala peke yake.

Na kuhusu kupanda na kushuka, msongo wa oksidi una la kutufundisha ambalo si la muuza unga wala la foleni ya kliniki. Mwaka 2006, Louis Monnier na wenzake wa Montpellier, Ufaransa, walipima kwenye mkojo wa wagonjwa 21 wa aina ya pili alama moja ya mafuta yaliyooksidishwa. Alama hiyo ilifuatana zaidi na mabonde na vilima vya sukari ndani ya siku kuliko na wastani wake. Watu wawili wenye wastani wa 10 si sawa: mmoja anatembea kati ya 8 na 12, mwenzake anaruka kutoka 3 hadi 19. Utafiti wa Amsterdam wa mwaka 2008, kwa wagonjwa wa aina ya kwanza, haukuona uhusiano huo, na wataalamu wanaendelea kubishana. Mimi nimeelemea upande wa Monnier kwa tahadhari, kwa sababu ya kazi moja ya Antonio Ceriello ya mwaka 2012: mtu ambaye sukari yake imeshuka, akirudishwa juu kupita kiasi badala ya kurudishwa kwenye kawaida, msongo wa oksidi na uvimbe wa ndani vinaongezeka na mishipa ya damu inazidi kushindwa kutanuka.

Soma hilo ukiwa Dodoma. Mtu amechoma sindano saa 1 asubuhi, daladala imechelewa, foleni ofisini ndefu, chakula cha mchana kimefika saa 9. Sukari inashuka, jasho, mikono inatetemeka. Wasamaria wema wanakimbilia soda, anaimaliza chupa nzima kwa pumzi mbili, na juu yake chapati. Nusu chupa ingetosha, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha asubiri robo saa apime tena. Jioni ile ile mashine inasoma 19, anaongeza dozi kwa hofu, na usiku anashuka tena. Siku hiyo insulini imeingia mwilini kama mvua ya masika kwenye korongo kavu. Ukisema kwamba insulini iliyochomwa hivi haimtendei mema, sitabisha. Kilichoharibika hapo ni ratiba, na ratiba haiuzwi kwenye kopo.

Halafu kuna joto letu. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na chupa inayotumika huvumilia joto la kawaida la chumbani kwa takriban wiki nne. Chumba chenye bati bila dari, mwezi wa kumi, saa 8 mchana, hakina joto la kawaida la chumbani. Chupa iliyoungua pengine itaonyesha, ile ya maziwamaziwa ikakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Ile ya maji inaweza kubaki safi kabisa huku nguvu imekwisha. Mgonjwa anachoma unit zilezile, sukari haishuki, muuguzi anaongeza dozi, wiki ijayo anafungua chupa mpya iliyo nzima na anaanguka sokoni. Wengine wanaiweka karibu na kigandishi cha friji ya jirani, ikiganda nayo imekufa.

Jibu lisilohitaji umeme lipo. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo yanavyokauka upesi. Ukiwa Tanga, njia hii inasuasua kwa unyevu wa bahari. Hapa kwetu, ambako mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano hatuioni mpaka Desemba, inafanya kazi vizuri. Haifiki nyuzi 8, lakini inaiokoa chupa inayotumika.

Na unga wa kijani? Hoja yake ni kwamba kama ugonjwa ni oksidi, dawa ni antioksidanti, yaani vitu vya kuzima radikali hizo. Inaingia akilini, ndiyo maana walioijaribu kwanza walikuwa wanasayansi wenyewe. Utafiti wa HOPE uliwapa maelfu ya watu walio kwenye hatari ya magonjwa ya moyo, zaidi ya theluthi moja yao wakiwa na kisukari, unit 400 za vitamini E kila siku kwa miaka kati ya minne na mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2000: moyo haukunufaika chochote. Walipofuatiliwa zaidi, mwaka 2005, waliokunywa vitamini walionekana kuugua moyo kushindwa kazi kwa wingi kidogo kuliko waliokunywa vidonge bandia. Ukirudi kwenye mstari wa kisima utaelewa: kupiga deki sakafu hakupunguzi kasi ya ndoo.

Hapa mtu wa Dodoma atanikumbusha zabibu. Ni kweli ganda la zabibu yetu, hasa nyeusi, lina antioksidanti za kutosha, na ubuyu nao una vitamini C. Ila juisi ya zabibu bilauri moja ina sukari inayokaribiana na ya soda, na ubuyu unaouzwa ukiwa umepakwa rangi na sukari tusiuzungumzie. Kama ni kuchagua cha asili, chagua uwele na mlenda. Mlenda una ule utelezi unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na ugali wa nafaka isiyokobolewa haupandi kwa kasi ya sembe nyeupe. Bibi zetu waliula kila siku. Tumewaachia wageni wa hotelini wapige nao picha.

Mwaka 1989, D. G. McLarty, Andrew Swai na wenzao walichapisha kwenye Lancet kwamba katika vijiji sita vya Tanzania kisukari hakikufika hata asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri vinatofautiana, kwa hiyo usizipange namba hizo kama ngazi, lakini hakuna anayeweza kusema tumebaki palepale. Dodoma imepokea wizara, maghorofa, viti vya kuzunguka na chipsi mayai za usiku. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kila unapojadiliwa utekelezaji wake husikia habari za vitanda, mashine na dawa. Mimi ningeanza na stripu, vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mashine. Insulini bila stripu ni kuendesha gari usiku taa zikiwa zimezimwa, na ubishi wote wa oksidi niliousimulia hapa, tangu New York mpaka Montpellier, mgonjwa wa Chamwino anaweza kuushika mkononi kwa njia moja tu: kuona namba yake kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, na kabla ya kulala. Nilipouliza duka la dawa la jirani, zile 45,000 za kopo zilitosha stripu hamsini na nauli ya kurudi Chamwino.

Mama mkubwa amerudi kwenye sindano. Dozi imeanza chini na inapandishwa taratibu, macho yamepimwa, na sista mmoja kijana alimkalisha akamweleza habari ya lenzi bila kumkemea. Ganzi ipo bado, na ameambiwa inaweza isiondoke. Chungu chake kiko nyuma ya mlango. Kopo la unga tumelimwaga na kuliosha, sasa anatupia humo sindano zilizotumika, maana mfuniko wake unabana vizuri. Stripu amebakiwa nazo sita mpaka kliniki ijayo, na ameziandikia tarehe kwenye daftari, kama alivyokuwa akizipangia chaki za darasa mwisho wa muhula.